Vikuku vya Mama Vilivyopanda Angani

Mama yangu ulimsikia kabla hujamwona. Kuanzia kifundo cha mguu hadi karibu na goti alivaa vikuku vya waya wa shaba, waya mwembamba kama uzi, uliozungushwa mara mamia juu ya singa za mkia wa ng'ombe mpaka ukafanya kamba laini inayong'aa. Alivipata kimoja kimoja tangu alipotoka unyagoni, na hakuna aliyewahi kumwona bila hivyo. Akitembea vilisuguana: chwaka, chwaka, chwaka. Mbuzi waliijua sauti hiyo, na wezi wa mahindi waliijua zaidi.

Kwa mume wangu sauti ile ilikuwa amri. Kwetu Ugogo mwanaume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso. Wakielekea kukutana njiani, mmoja anapisha, na aliye mdogo ndiye anayepisha. Kwa hiyo mume wangu akisikia chwaka chwaka, aliacha njia, hata kama pembeni kulikuwa na nini. Siku moja aliingia ndani ya kichaka cha mkambala na kutoka na miiba mitatu makalioni. Niliitoa mwenyewe, nikicheka mpaka machozi, naye akinung'unika kwamba ndoa yetu itamuua.

Wajukuu wangu hawaamini ninapowaambia kwamba vikuku vile vilipanda angani. Siku hizi ndege zikishuka uwanja wa Dodoma mimi siangalii abiria. Naangalia vile vijiti na vipezi vilivyosimamishwa mgongoni mwa ndege, ambavyo rubani anasikilizia. Najiuliza nani alivichagua, na kama aliyevifunga alijua kwamba waya usivutwe. Wajukuu wanasema bibi anatunga. Basi naandika, maana karatasi haikatizwi katikati ya maneno.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, vita vya Wazungu vimekwisha kuanza. Mume wangu alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya misheni, nami nilikuwa nafundisha wasichana kushona. Wamisionari wetu walikuwa Waingereza, kwa hiyo serikali iliwachukua ikawafungia mbali, na sisi walimu weusi tukabaki tunatazamwa kama fisi karibu na zizi. Mume wangu alikuwa na kioo kidogo cha kunyolea. Kila asubuhi alikitundika nje mlangoni, akanyoa ndevu zake ambazo kwa kweli zilikuwa za kuhesabika. Askari mmoja akaona mmeto kutoka mbali. Akaenda kusema kwamba mwalimu anawapelekea Waingereza habari kwa mwanga.

Nilieleza. Nilipiga kelele. Nilimwuliza askari yule kama yeye ndevu zake anang'oa kwa meno. Haikusaidia. Walimvisha mume wangu pete ya chuma shingoni na kumtia katika mnyororo mmoja na wanaume wengine saba, wakampeleka Dodoma bomani. Nikamfuata na chungu cha chakula, nikapanga pembeni ya mji, nikawa naenda bomani kila siku.

Pale bomani ndipo nilipokutana na bwana wa simu. Alikuwa Mjerumani kijana, mrefu, ameiva kwa jua, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Waingereza walikuwa wamekata nyaya za simu zinazopita chini ya bahari, kwa hiyo Wajerumani wa huku hawakuwa na njia nyingine ya kupata habari za kwao ila kuzidaka hewani. Kazi ya bwana huyu ilikuwa kuzidaka. Alikuwa na sanduku la mbao lenye mashine ya kusikilizia na vipande viwili vya kuweka masikioni. Alichokosa ni kitu cha kuupeleka waya wake juu sana, maana waya ukiwa chini mashine ni kiziwi. Miti yetu ya Ugogo ni mifupi na ina hasira, haina mmoja wa kusaidia.

Kwa hiyo alikuwa na ndege. Si ndege ya injini, hiyo hatukuwa tumeiona bado. Ilikuwa ndege ya kitambaa na mianzi, mfano wa masanduku mawili yasiyo na kifuniko wala kitako, yaliyounganishwa kwa fito ndefu kunishinda kimo. Watu wa pwani wangesema ni tiara kubwa. Upepo unaibeba, kamba inaizuia, na waya unapanda nayo. Mianzi ilikuwa mizima, lakini kitambaa kililiwa na mchwa stoo. Siku ile alikuwa amesimama uani akiuliza kwa sauti nani hapa anajua kushona mshono ulionyooka.

"Mimi," nilisema. "Na nina sharti."

Shaushi aliyekuwa kando yake, sajini wa askari, mtu wa pwani mwenye tumbo na funguo kiunoni, nusura apaliwe na mate. "Sharti? Mama wee, hapa ni bomani!"

"Ndege ikisikia, mume wangu atoke mnyororoni."

Bwana wa simu alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi anasema. Kisha akauliza mume wangu ni yupi, na shaushi akamweleza. Akafikiri kidogo.

"Ikisikia, atatoka," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia. "Isiposikia, siwezi. Gari moshi la Ijumaa linawachukua wafungwa wote kwenda kubeba mizigo ya vita."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Kuhusu mizigo ya vita hakuna aliyehitaji kuelezwa. Tulikuwa tumeona wanaume wakiondoka kwa mamia, na tulikuwa hatujaona anayerudi. Nilikwenda kutafuta sindano.

Nilichagua bafta, kitambaa chembamba cha pamba, maana amerikani ni nzito na ikinyonya umande inakuwa nzito zaidi. Nilishona mchana kutwa. Kisha nikaipaka uji mwepesi wa mtama ili matundu ya kitambaa yazibe na upepo usipite. Nikaianika ukutani, nikarudi na kukuta mbuzi wa stesheni wanailamba. Niliwatimua kwa fimbo na maneno ambayo misheni haikunifundisha.

Jumatano asubuhi tulikwenda Ihumwa, kwenye uwanda ulio karibu na reli, mahali penye nafasi na upepo. Upepo wa Ugogo wakati wa kiangazi haujui kupumzika. Wafungwa waliletwa pia, wachimbe shimo, wazike mabati ya mashine ardhini na kuyamwagia maji, maana bwana alisema mashine inataka waya juu na unyevu chini. Hivyo mume wangu alikuwa hatua arobaini kutoka nilipokuwa, anachimba na pete shingoni. Nilikatazwa kusema naye. Hawakunikataza kuimba, basi niliimba kwa Kigogo kwamba mwanaume wangu amekonda, na nikamwona mabega yake yanacheka.

Bwana alichagua kwanza waya wa chuma, ule wa nguzo za simu za reli, kwa sababu ulikuwepo na ulikuwa mgumu. Ndege ilikimbia chini kama kuku aliyefungwa jiwe mguuni. Haikupanda hata kimo cha mtu. Akatoa kwenye sanduku kizingo kimoja cha waya mwembamba wa shaba, akaufunga puani mwa ndege. Ndege ikainama, ikachimba ardhi kwa kichwa.

"Bwana, mzigo haubebwi puani," nilimwambia.

Akaufunga nyuma. Ikakaa kitako. Nikamwambia aufunge pale kamba nne za ndege zinapokutana na kuwa moja, maana hapo ndipo ndege yenyewe inaposhikwa. Hakupenda kufundishwa, lakini alifunga. Na ikapanda! Oo, ikapanda! Nilisahau vita, nikasahau Wajerumani, nikaruka na kupiga vigelegele peke yangu. Kitambaa changu kilikuwa juu ya vichwa vyetu, cheupe, kinanguruma kwa upepo, na shaushi ameshika gurudumu la kamba kwa mikono miwili huku macho yamemtoka.

Lakini bwana alikuwa ameuvuta waya ukanyooka pembeni ya kamba, kama anavyonyoosha waya wa nguzo. Upepo mmoja wa ghafla ukaja. Kamba hunyumbuka, waya haunyumbuki. Nilisikia ting! Waya ukakatika, ncha ikapeperuka na kuangukia reli, na gari moshi la mizigo likaja hapo hapo. Likaunasa kwa magurudumu, likauburura wote, sisi tumesimama tunautazama unaelekea Tabora.

Bwana wa simu alikaa chini juu ya sanduku lake. Alivua miwani. "Hakuna mwingine," alisema. "Kesho jioni tunafunga mizigo."

Nilimtazama mume wangu. Na yeye alikuwa ananitazama, jembe mkononi, naye alikuwa ameelewa kila kitu. Kule mbali gari moshi lilikuwa bado linapiga filimbi. Niliogopa, naandika bila haya. Halafu nikamkumbuka mama, na nikaanza kukimbia.

Nyumba ya mama ilikuwa mwendo wa saa moja na kitu, upande wa Hombolo. Nilimkuta anachambua mbegu mbele ya tembe lake, miguu ameinyoosha juani, vikuku vinawaka. Nilimwamkia, nikaanza maneno niliyoyapanga njiani yote. Sikumaliza. Yapo mambo mama yangu hakuwahi kunificha, na moja ni kwamba mume wangu hakumpenda. Alitaka niolewe na mfugaji, akapata mtu wa vitabu asiyejua kukamua.

"Unataka vikuku vyangu," alisema.

"Vyote, mama."

"Kwa ajili ya yule mwanaume wa kitabu."

"Ndiye."

"Anayekimbilia miibani."

"Ndiye, mama."

Alisogeza mbegu pembeni. Kisha akanyoosha mkono akachukua kibuyu cha samli. "Lete kigoda. Shika mguu huu, na usinivute kama unang'oa muhogo."

Vya chini vilitoka upesi. Vya juu vilikuwa vimekaa miaka mingi hata mguu ukajitengeneza kuvifuata, na tulivitoa kwa samli na subira, jasho linamtoka na haguni. Vilikuwa ishirini na nane. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyororo, imepauka, ina mistari mistari. Mama aliitazama miguu yake kama ya mgeni. Alisimama, akapiga hatua tatu, hakukuwa na sauti yoyote. Akarudi kukaa haraka.

Kabla ya kunipa alifanya kama wanavyofanya wanawake wa kwao. Pambo haliondoki mwilini likiwa kavu, ni mkosi. Alikipaka kila kikuku samli na udongo mwekundu, kimoja baada ya kingine, akikitemea mate ya baraka. Nilikuwa na haraka, jua linakwenda, na hata hivyo nilimsaidia kupaka. Nilipaka vizuri, mpaka vikakolea.

Asubuhi ya Alhamisi nilivimwaga miguuni pa bwana wa simu. Alikiokota kimoja, akapata ncha ya waya, akavuta. Waya ukafunguka kutoka kwenye singa, ukafunguka, ukafunguka, kikuku kimoja kikatoa hatua saba nzima. Uso wake ulibadilika. Alipiga magoti vumbini, akaanza kufungua kingine, akicheka kama mtu aliyepata asali. "Mzuri!" alisema. "Mwepesi! Ni huu! Ni huu!" Na mimi nikapiga magoti, na shaushi naye na tumbo lake, tukafungua, tukaunga ncha kwa ncha kwa kusokota. Bwana alisema hana dawa ya kuchomelea, lakini kusokota kutatosha.

Safari hii sikungoja kuulizwa. "Bwana, umewahi kuvaa koti ambalo bitana yake inavuta?"

"Ndiyo. Ni mateso."

"Kwa nini inavuta?"

Alifikiri. "Imekatwa fupi."

"Basi kamba ni koti, waya ni bitana. Bitana lazima iwe na nafasi, koti ndilo linalovutwa." Nikachukua uzi, nikaufunga waya kwenye kamba kwa vitanzi, kila pima moja kitanzi, na kati ya kitanzi na kitanzi nikauacha waya ulegee kiasi cha vidole viwili. Ncha ya juu niliifunga pale kamba nne zinapokutana. Bwana alinifuata nyuma akipima kwa vidole vyake, hasemi kitu. Mwanaume akinyamaza hivyo, ujue ameshindwa.

Upepo wa alasiri ulikuja mkubwa. Ndege ikanyanyuka kutoka mikononi mwetu kana kwamba ilikuwa inangoja. Ikapanda, ikapita kimo cha jana, ikapita kimo cha kilima, waya unapanda pamoja nayo, unameta mwekundu kwa jua, unachezacheza ndani ya vitanzi na haukatiki. Upepo wa ghafla ukaja. Kamba ikanyumbuka, waya ukacheza. Nikapiga vigelegele, na kutoka kwenye mnyororo nikasikia wanaume wanane wanaitikia. Shaushi akawafokea, lakini hata yeye meno yalikuwa nje.

Bwana alivaa vipande vya masikio. Akazungusha vitufe vyake. Tukangoja. Akazungusha tena.

"Hakuna," alisema.

Akaamuru maji zaidi. Wafungwa wakakimbia na madebe, minyororo inalia, wakamwaga mpaka pale chini pakawa tope. Hakuna. Jua likaanza kushuka. Bwana alikuwa ameuma mdomo. Shaushi akaniambia chinichini, si kwa ubaya, "Gari moshi ni kesho saa mbili, mama."

Nikasogea nikaushika waya pale unapoingia kwenye mashine. Nilipotoa vidole vilikuwa vyekundu. Nikavitazama. Halafu nikautazama mkono wa bwana, na kile kisu kidogo ambacho tangu jana nilikuwa namwona akikwangulia kila ncha ya waya wa mashine yake mpaka ing'ae kabla ya kuifunga. Kila ncha, kila mara. Na mimi na mama tulikuwa tumepaka ncha zote samli.

"Shusheni!" nilipiga kelele. "Shusheni ndege! Waya umepakwa mafuta! Kwenye viungo haugusani!"

Wala sijui nilipata wapi ujasiri wa kuamuru ndege ya jeshi la Mjerumani. Lakini bwana aliviona vidole vyangu, akajipiga kofi usoni, akapiga kelele zaidi yangu. Tukaivuta chini. Viungo vilikuwa ishirini na saba, na jua limebaki kimo cha fimbo. Mikono yetu haikutosha. Nikaonyesha mnyororo.

"Wana mikono," nilisema.

Ndivyo wafungwa wanane walivyokaa kwa safu kando ya waya uliolazwa chini, kila mmoja na majivu na mchanga, wanasokotoa, wanasugua, wanasokota upya. Mimi nilichagua kiungo kilicho mbele ya mume wangu. Sidhani kama kuna mtu alinishangaa. Pete ilikuwa imemchubua shingo yote. Vidole vyetu vilisugua waya mmoja.

"Hivi ni vya mama?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Vya mama."

"Vyote?"

"Miguu yake ni mitupu."

Aliacha kusugua. Kisha akasema, "Sasa nitamsikiaje anapokuja?" Na mwanaume yule ambaye hakulia siku waliyomvika chuma, alilia hapo, juu ya majivu, na mimi nikamwambia asugue, asugue, machozi nayo ni maji, yataleta kutu. Si kweli, shaba haina kutu ya hivyo. Ila nilikuwa sina kingine cha kusema.

Tuliirusha jua likigusa ardhi. Ilipanda kwa haraka kuliko mara zote, na juu kule ilipata mwanga ambao sisi chini tulikuwa tumeshaukosa, kwa hiyo tulikuwa gizagiza na yenyewe inawaka. Bwana akavaa masikio. Akainua mkono tunyamaze. Hata ng'ombe wa jirani nadhani walinyamaza.

Nikamwona anaacha kupumua. Kisha akashika kalamu. Kisha akaniita kwa kidole, mimi, akanibandika kipande kimoja sikioni. Mwanzoni nilisikia kama mtama unapepetwa. Halafu nyuma ya mtama ule, mbali sana, kitu chembamba: ti, ti, tii, ti. Kama nyenje aliye ndani ya ukuta. Lakini nyenje huyu alikuwa Ulaya! Alikuwa ng'ambo ya bahari na majangwa, na alikuwa anapita katika miguu ya mama yangu! Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele, nikaziba mdomo kwa mikono miwili.

Bwana alikichukua kipande chake, akaanza kuandika. Aliandika, aliandika, mimi nikiwa si kitu tena. Dakika zikapita. Nikakohoa. Hakusikia. Nikasema, "Bwana, ahadi." Akapunga mkono kama anafukuza nzi. Shaushi akatikisa kichwa kunionya.

Mimi ni mtu wa hasira, na sijawahi kuificha. Nilichukua mkasi wangu kutoka kwenye kikapu cha nyuzi, nikaenda mpaka kwenye kamba, nikaiweka katikati ya makali yote mawili, kamba na waya kwa pamoja.

"Ahadi ni deni, bwana," nilisema.

Safari hii aliinua macho. Mkono mmoja umekandamiza sikio, mkono wa pili unaandika, hawezi kuacha hata herufi moja. Alinitazama mimi, akautazama mkasi. Shaushi naye mikono yote miwili ilikuwa kwenye gurudumu, ndege inavuta kama fahali, akiachia tu imekwenda.

"Mfungue!" bwana alimwambia shaushi.

"Nimfungue kwa meno, bwana?"

"Ufunguo uko wapi?" niliuliza.

"Kiunoni," shaushi alisema, na akageuza nyonga. "Ule mdogo. Upesi, mama, usiniaibishe."

Nikauchomoa mwenyewe. Nilikimbia zile hatua arobaini. Kufuli lilikuwa gumu na mikono yangu ilikuwa na samli, lakini lilifunguka, na pete ile ikaanguka vumbini. Wale wengine saba walinitazama. Hawakuomba. Shaushi akapiga kelele kutoka kwenye gurudumu, "Mmoja! Mmoja tu, mama, nitanyongwa!" Na mimi nilikuwa na ufunguo mkononi, na ndege ilikuwa bado juu, na kila mtu ana kazi. Niliurudisha. Nimezeeka na bado naiona ile safu ya macho, na sina cha kujitetea nacho. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya mmoja.

Habari aliyoandika bwana wa simu ilisema nini sijui hata leo. Tulipoondoka bado alikuwa anaandika. Waya ule sikuuona tena.

Tulifika kwa mama tukiwa hoi, naye alikuwa ameshaingia ndani kwake kama inavyopasa mkwe anapokuja. Asubuhi niliamka mapema nikawasha moto. Mume wangu alitoka akakaa mbele ya tembe, mgongo ukutani, shingo yake aliyoipaka samli imeelekea jua. Kutoka upande wa Ihumwa tulisikia gari moshi likipiga filimbi. Lilipiga mara mbili, likaenda. Mume wangu alihesabu kwa vidole mpaka saba.

Hapo ndipo mama alipozunguka kona ya nyumba, kibuyu cha maziwa mkononi.

Hakuna aliyemsikia. Hata yeye alisahau kwamba hasikiki. Walikutana uso kwa uso, hatua mbili baina yao, kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa. Mume wangu alinyanyuka nusu, akageuka huku na huku atafute pa kukimbilia, na nyuma yake palikuwa na ukuta. Mama alikuwa na njia wazi ya kurudi. Hakurudi. Aliitazama ile alama ya pete iliyozunguka shingo. Mume wangu aliinamisha macho kwa adabu, na macho yake yakaangukia miguu ya mama, mitupu, yenye mistari iliyopauka.

Walisimama hivyo muda mrefu. Mimi nilibaki na kijiti cha moto mkononi, kinaungua kuelekea vidoleni.

"Umekonda," mama alisema, akamwekea kibuyu miguuni. "Kaa hapa hapa unywe, nikuone."